Mtoto Akishindwa Kusoma

Katika nyumba nyingi za Wakristo limetokea jambo hili. Jioni, kabla ya sala, mama humpa mtoto wake wa darasa la pili kitabu cha sala, naye mtoto huweka kidole juu ya mstari, akasoma Baba Yetu yote bila kukosea hata neno moja. Mama hufurahi, akamshukuru Mungu. Lakini mama aliye mwangalifu huona ya kuwa kidole kimefika mwisho wa ukurasa hali sala haijakwisha. Basi akimwonyesha neno moja tu katikati, kama vile “mkate”, akamwuliza, “Hapa pameandikwa nini, mwanangu?”, mtoto hunyamaza. Kisha hurudi mwanzo wa sala, akaikimbia upesi kwa sauti ya chini, mpaka alifikie neno lile.

Mtoto huyu hasomi, anakumbuka. Wala tusimwite mwongo, maana ametumia kipaji alicho nacho kuziba pengo la kile asicho nacho. Tena kipaji chenyewe si kidogo. Taabu yake itaonekana siku atakapopewa kitabu ambacho hajapata kukisikia kikisomwa na wenzake. Hapo ndipo maneno makali huanza nyumbani: mvivu, mjinga, umerogwa. Na hapo ndipo mtoto huanza kujificha nyuma ya darasa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Twalikubali neno hili tunapofundisha ishara ya Msalaba, lakini lifikapo somo la kusoma twamwachia mwalimu. Ni kweli, tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili katika Tanzania uliwekewa mkazo juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ndizo KKK. Walakini darasa lenye watoto wengi humwitikia mwalimu kwa sauti moja, na katika sauti ile moja mtoto asiyejua huweza kufumbua kinywa mwaka mzima pasipo mtu kutambua. Mzazi anaye mtoto mmoja mbele yake. Yeye aweza kusikia.

Asikilize nini basi? Yafaa tujue jinsi lugha yetu inavyoandikwa. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hii; kwake herufi zile zile husomwa hivi katika neno moja na vingine katika neno jingine. Wetu akishajua silabi zake, aweza kusoma neno lo lote, hata asilolijua maana. Kwa hiyo akikwama, mara nyingi mahali alipokwama paweza kutafutwa na kupatikana.

Wengine hukwama kabla ya kitabu. Hawajasikia bado ya kuwa neno lina vipande. Mwambie mtoto atamke “maharage” akipiga kofi kwa kila kipande: ma-ha-ra-ge, makofi manne. Kisha mwulize, tukiondoa “ma”, linabaki nini? Mtoto asiyeweza mchezo huu kwa masikio hataweza kwa macho, na kumwongezea kitabu ni kumwongezea mzigo. Mchezo wenyewe hauhitaji senti. Hufanyika mkichambua mchele au mkienda kisimani.

Wengine wamefundishwa majina ya herufi, wakadhani jina ndilo sauti. Huyu huona “ba”, akasema “be, a”, kisha hashangai kwamba havijaungana. Mwonyeshe silabi nzima. Kata boksi kuukuu vipande vidogo, uandike juu yake ka, ta, ma, la, ni, na, umwache apange mwenyewe: kata, kama, tama, mani, lala. Siku atakayounda neno ambalo wewe hukulifikiria, utamwona usoni.

Kisha ziko sauti ziandikwazo kwa herufi mbili au zaidi: sh, ch, ny, mb, nd, nj. Yupo mtoto asomaye vizuri “baba” na “kaka”, lakini akifika “nyumba” husimama kama gari topeni. Na tofauti ya “ngoma” na “ng’ombe” imefichwa katika alama ndogo ambayo macho ya mtoto huiruka. Silabi hizi hazina budi kufundishwa moja moja, kwa siku kadhaa kila moja. Ni kosa kudhani atazizoea tu.

Lakini shida iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni urefu wa maneno yetu. Tazama neno “hawatatuandikia”. Lina silabi nane. Mtoto asomaye polepole, afikapo “ki-a”, amekwisha kusahau “ha-wa”, na sentensi nzima imempotea. Hapo watu husema hana akili, kumbe amechoka njiani. Msaidie kwa kuanzia kwenye kiini: andika. Kisha andikia, kisha watatuandikia, mwisho hawatatuandikia. Akiona mara kadhaa jinsi neno linavyojengwa, ataacha kuhesabu silabi moja moja, ataanza kuona “hawata” kwa mkupuo.

Tusisahau pia lugha ya nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kihaya, akaingia shule asikojua Kiswahili vema, hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtakatifu Bernadetta wa Lourdes, alipotokewa na Bikira Maria mwaka 1858, alikuwa na miaka 14, wala hakujua kusoma wala kuandika. Katekisimu ilifundishwa kwa Kifaransa, naye alisema lugha ya kwao. Mama aliyemlea kwa muda huko Bartrès alijaribu kumkaririsha usiku, akakata tamaa naye, akimwona mzito. Baadaye alisoma kwa Masista pale Lourdes, na habari za matokeo yale akaziandika kwa mkono wake mwenyewe. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1933. Basi mweleze mtoto hadithi ya kitabu kwanza kwa lugha aielewayo, ndipo asome. Na akisema “kura” mahali pa “kula” kwa sababu ndivyo ukoo wote usemavyo, hilo ni la ulimi, si la kusoma. Lisahihishwe kwa upole, siku nyingine.

Kabla ya kumlaumu, mchunguze macho na masikio. Je, hukaza macho aonapo ubao? Huleta kitabu karibu mno na uso? Masikio yake hutoka usaha mara kwa mara? Mtoto asiyesikia vema hawezi kutenga “pa” na “ba”. Mpeleke hospitali, na mwombe mwalimu amkalishe mbele.

Wapo watoto ambao macho ni mazima, masikio ni mazima, akili ni kali katika michezo na hesabu za dukani, na bado herufi haziwaingii. Wataalamu huiita hali hii disleksia. Mara nyingi hufuata ukoo, wala si upungufu wa akili. Katika lugha ambazo maandishi yake hufuata sauti, mtoto wa namna hii hujulikana zaidi kwa kusoma kwa uzito na polepole kuliko kwa wingi wa makosa. Kuchanganya b na d katika mwaka wa kwanza peke yake si dalili ya kutosha. Wengi hufanya hivyo, kisha wakaacha. Ila mtoto akiendelea kutaabika miaka miwili, mitatu, ijapokuwa amefundishwa kwa utaratibu, wazazi wazungumze na mwalimu mkuu, naye apewe mazoezi yale yale ya silabi kwa muda mrefu zaidi, na muda zaidi katika mtihani.

Juu ya fimbo, mwandishi wa maneno haya hana haki ya kumhukumu mzazi ye yote. Yeye mwenyewe alipata kumfundisha mdogo wake fimbo ikiwa mezani. Siku tatu mtoto yule alisoma huku macho yake yakitazama fimbo, wala si kitabu. Siku ya nne alijificha katika shamba la mihogo mpaka giza likaingia, na kijiji kizima kikatoka na taa kumtafuta. Alijifunza kusoma baadaye kwa shangazi yetu, aliyekuwa akimpa karanga na kumwambia, “Haya baba, nisomee mimi, macho yangu yamechoka.”

Robo saa kila siku yatosha, na ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Ukae naye ubavuni, si mbele yake kama hakimu. Akikosea, mwache kidogo. Huenda akajirudi mwenyewe. Akishindwa kabisa, mtajie silabi, aendelee. Mistari michache iliyosomwa mara tatu, mpaka ya tatu itiririke, humpa moyo kuliko ukurasa mzima uliosomwa kwa machozi. Ndugu zake wasiruhusiwe kumcheka.

Na mama asiyejua kusoma asijitenge na kazi hii. Aweza kupiga makofi ya silabi, aweza kusimulia hadithi, aweza kufunika picha kwa kiganja na kusema, “Nisomee.” Jumapili kanisani amwachie mtoto yule atafute namba ya wimbo kitabuni na kumsomea jina lake kabla kwaya haijaanza, hata kama itampasa kuanza kutafuta tangu wakati wa mahubiri. Padre atasamehe.