Dondoo muhimu: Bastola ya .22 ya kulengea shabaha

Kwa anayeanza kulenga shabaha Marekani, bastola ya .22 LR ndiyo nafuu: risasi zake ni za bei ya chini na teke lake ni dogo.

1. Kodi kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Jaribu Ruger Mark IV na Browning Buck Mark kabla ya kulipa.
2. Epuka ndogo ya mfukoni. Mtutu wa inchi 5 hivi hutulia zaidi.
3. Ukinunua iliyotumika, uliza inavyofunguliwa kusafishwa. Ruger Mark III huwatoa wengi jasho kuirudishia. Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, hufunguka kwa kitufe kimoja.
4. Jaribu aina kadhaa za risasi, maana bastola hizi huchagua risasi.
5. Usifyatue bastola ikiwa tupu kabla ya kusoma kitabu chake; pini ya kufyatulia yaweza kuharibu ukingo wa chemba.
6. Risasi isipolia, usiangalie mdomoni mwa mtutu kamwe! Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri sekunde 30, ndipo uitoe.
7. Tenga fedha za miwani, vizuia kelele vya masikioni na kasha la kufuli.
8. Ukimaliza kufyatua, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mabaki ya ufyatuaji yana madini ya risasi, ambayo ni sumu.