Ulizeni Maji Kabla ya Kuingia

Ufuo usio na watu una raha yake. Lakini mtoto akichukuliwa na maji huko, hakuna wa kumwona isipokuwa ninyi mliofuatana naye. Kwa hiyo kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla hamjavua viatu.

Tuchukue pwani ya mashariki ya Unguja: Paje, Jambiani, Makunduchi. Huko mwamba uko mbali na mchanga, na katikati ni maji mafupi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa alasiri, na kila siku saa hizo husogea kwa karibu dakika 50. Msikisie. Waulizeni wavuvi, au akina mama wa mwani, zao linalolimwa pwani hiyo tangu mwaka 1989. Maswali ni mawili: maji yanaanza kujaa saa ngapi, na mlango uko wapi?

Swali la kwanza ndilo linalopuuzwa zaidi. Mtu aliyetembea hadi karibu na mwamba hutazama mawimbi mbele yake, akayaona bado yako mbali. Kumbe sehemu za ndani zilizo chini zaidi zinajaa mapema, nyuma ya mgongo wake. Alikopita kwa maji ya kifundo cha mguu, atarudi kwa maji ya kifua, na mtoto begani. Anzeni kurudi maji yakiwa bado yanakupwa.

Mlango ni pale mwamba ulipokatika, panapopita ngalawa. Maji yanapokupwa hutokea hapo kwa nguvu. Ukichukuliwa, usishindane na mkondo. Elea chali, pumua, punga mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka uhisi maji yamelegea.

Vaeni viatu vya kufunga, si kandambili. Kwenye mawe na nyasi za bahari kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi, taa waliojifukia mchangani, na samaki wanaofanana kabisa na jiwe. Konokono wenye umbo la pia, hata wawe na madoa ya kupendeza, watoto wasiwaokote: baadhi yao wana sumu inayoua.

Bebeni chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Aliyechomwa na taa au samaki wa mawe, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mgonjwa mwenye maumivu hahisi kuungua. Msichanje, msifunge kamba. Mpelekeni kituo cha afya, na huko aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Bebeni pia dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Mtu akizama, mrushieni hilo alikumbatie, kisha mvuteni. Asiyejua kuokoa akijitosa, mara nyingi wanazama wawili.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa huzama na kuibuka, mdomo wazi, kimya. Mdogo awe karibu kiasi cha kushikika kwa mkono, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, bila simu.

Mkimtoa akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo; hayo hupoteza dakika za uhai. Mlazeni chali, mwinueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea bila kuchoka huku mwingine akiita msaada. Akizinduka, apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidi saa kadhaa baadaye.