Mafuta ya Mjane: Uza, Lipa, Ndipo Uishi

SOMO LA WIKI
Andiko: 2 Wafalme 4:1-7. Soma pia: Nehemia 5:1-13, 1 Wafalme 17:8-16, Warumi 13:8

Habari ya mjane na chupa ya mafuta tumeihubiri mara nyingi kama habari ya muujiza, na ni muujiza kweli. Lakini rudi kwenye mstari wa kwanza. Habari inaanza na deni. Mama huyu hakumwendea Elisha kuomba upako. Alienda kwa sababu mtu anayemdai alikuwa njiani kuja kuchukua vijana wake wawili wawe watumwa.

Tena hakuwa mtu wa anasa. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu wa kumcha Mungu, na alikufa akidaiwa. Biblia haisemi deni lilitoka wapi. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema kwamba ndugu anayedaiwa ana dhambi ya siri au ni mvivu. Mshahara mdogo na mtoto mmoja kulazwa hospitali vinatosha kumwingiza mtu kwenye shimo.

Leo hakuna anayekuja kubeba watoto. Lakini mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mlango unafungwa kufuli na mwenye nyumba, na kuna washirika walioacha kuja ibadani kwa sababu mtu anayewadai hukaa safu ya tatu. Hao hawakumwacha Yesu. Wanaogopa kusalimiwa.

Kitu cha kwanza alichofanya mjane ni kusema. Alilia mbele ya nabii, akataja deni lilivyo na linataka kumfanyia nini. Wengi wetu tunaleta madhabahuni ombi la "mahitaji ya kifedha" wakati hata mume nyumbani hajui kwamba kuna mikopo minne kwa simu, na mke hajui kwamba shailoki anashikilia kadi ya benki. Deni lililofichwa huzaa. Unakopa hapa ulipe pale, halafu unakopa pale kununua unga.

Chukua karatasi basi. Andika nani anakudai, pesa ngapi, tangu lini, na kama linaongezeka. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kabisa, kwa sababu madeni hayafanani. Deni la duka kwa jirani lina aibu lakini halikui usiku ukilala. Deni la simu linakua. Fuliza ada yake huhesabiwa kwa siku, na kumbuka pesa yoyote ikiingia M-Pesa inakatwa kwanza kulipa Fuliza kabla hujaigusa. Ndiyo maana mtu anatumiwa 500 na dada yake, akiangalia anapata 180. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana kidogo, si ndiyo? Kwa shilingi 1,000 ni shilingi 75 tu. Lakini ukikopa 1,000, ukalipa, ukakopa tena kila mwezi mwaka mzima, umelipa 900 kwa kutumia ile 1,000 moja. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, iliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka mzima, ulipe ndani ya siku 14. Kwa 1,000 hiyo ni kama shilingi tatu, ingawa hupati 1,000 yote mkononi kwa sababu asilimia 5 inawekwa akiba. Hatusemi mkimbilie mojawapo. Tunasema ujue bei ya pesa kabla ya kubonyeza, kama unavyouliza bei ya nyanya.

Nehemia alipokasirika katika sura ya tano, watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme. Riba aliyotaka irudishwe ni moja kwa mia, na wafafanuzi wengi wanaichukua kuwa ya kila mwezi. Nehemia alikasirikia moja kwa mia. Sisi tunabonyeza saba na nusu bila kusoma.

Baada ya kusikia kilio, Elisha aliuliza: nyumbani una nini? Mama akasema hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Hiyo "isipokuwa" tuishike. Bajeti ya mtu wa kipato kidogo inaanzia hapo, si kwa kile angetamani kupata.

Tuchukue mfano. Mama anafua nguo mitaani siku nne kwa wiki, na siku moja analipwa 500. Kwa mwezi ni siku 16, yaani 8,000. Nyumba ni 3,000. Akiambiwa apange bajeti ya mwezi anacheka, kwa sababu hajawahi kushika 8,000 mara moja. Basi apange kwa siku ya kazi. 3,000 gawanya kwa 16 ni karibu 190. Maana yake katika kila 500 anayopokea, 190 si yake, ni ya mwenye nyumba. Hamsini ni fungu la kumi. Akitenga 30 ya deni, anabaki na 230. Na hiyo 230 si ya leo peke yake, kwa sababu anafanya kazi siku nne lakini watoto wanakula siku saba. Kwa siku ni kama 130.

Ni kidogo. Hatutasimama hapa kusema kwamba ukipanga vizuri itatosha. Kuna nyumba ambazo hata wakipanga namna gani haitoshi, na hapo kinachotakiwa ni siku ya tano ya kazi, au ndugu wa karibu, au mfuko wa ushirika. Lakini angalau mama huyu sasa anajua kwamba 500 ya mkononi ni 230. Tarehe tano mwenye nyumba akibisha, hatakimbilia simu.

Hiyo 190 isikae M-Pesa, hasa kama una Fuliza. Ongea na mwenye nyumba kama anaweza kupokea kidogo kidogo kila wiki, akuandikie. Wengine hukubali kwa furaha. Au peleka kwa chama, mahali ambapo huwezi kuifikia usiku.

Neno moja kuhusu kadogo. Tunanunua mafuta ya kupika ya kupima, sukari ya karatasi, unga wa robo, kwa sababu ndiyo pesa iliyopo. Fanya hesabu mara moja tu: vipimo vingapi vinajaza lita moja? Zidisha kwa bei. Utashangaa kwamba mtu maskini ndiye anayenunua mafuta ya bei ghali kuliko wote mtaani. Akina mama watatu wa ploti moja wakichanga na kununua mtungi mmoja wagawane, kila mmoja anabaki na kitu. (Kuhusu kamari ya simu hatuna maelezo marefu. Achana nayo.)

Tuangalie sasa mstari wa saba, maana hapo ndipo tunapoteleza sana. Mafuta yamejaa vyombo vyote. Mama anarudi kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini. Elisha anampa mpangilio: nenda ukauze, ulipe deni, halafu wewe na wanao muishi kwa kinachobaki. Kulipa kunakuja kabla ya kuishi. Muujiza haukufuta deni. Muujiza ulimpa kitu cha kuuza, na anayemdai alilipwa pesa yake.

Pia angalia kile ambacho Elisha hakusema. Hakusema, leta chombo kimoja kwangu kwanza. Kuna mafundisho yanayozunguka siku hizi kwamba ukidaiwa, njia ya kutoka ni kupanda mbegu kubwa, na watu wamekopa kwa simu ili wapande. Mtu atauliza, mbona mjane wa Sarepta alimpa Eliya mkate kwanza? Ndiyo, alimpa. Alimpa unga wake mwenyewe, konzi ya mwisho iliyokuwa pipani. Hakwenda kukopa unga kwa jirani ili amtolee nabii. Fungu la kumi ni la kile ulichopata. Mkopo haujaupata, umeazimwa, na kutoa sadaka kwa pesa ya Fuliza ni kumtolea Mungu mali ya mtu mwingine. Usifanye hivyo hata katika kanisa hili.

Wale wa boda na mafundi, someni Kumbukumbu la Torati 24:6. Mungu alikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ndilo linaloleta chakula. Pikipiki yako ndiyo jiwe lako. Cherehani ndiyo jiwe lako. Ukiiweka kwa shailoki ikachukuliwa, utalipa na nini?

Na mkopeshaji wa simu akianza kukupigia matusi au kupigia watu walio kwenye simu yako, ujue kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza hayo. Hifadhi jumbe hizo kama ushahidi. Deni bado ni lako, utalipa, lakini hakuna aliyepewa ruhusa ya kukuaibisha mbele ya mama mkwe.

Mjane aliambiwa akaazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache, na walimpa. Mama anayedaiwa, bado majirani wakamwamini na vyombo vyao. Jina lake lilikuwa zuri. Wewe unayedaiwa na mshirika mwenzako na huna pesa, usizime simu. Mtafute kabla hajakutafuta, mwambie, "Ndugu, sina yote, lakini Ijumaa nitaleta mia mbili," na Ijumaa uilete. Na wewe unayedai, soma Kutoka 22:25-27 kabla ya kumpigia.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, msomeane Nehemia 5:1-13, kisha kila mmoja ajibu kwa uhuru: nyumbani una nini ambacho umezoea kusema si kitu? Wenye ndoa, fanyeni ile karatasi ya madeni pamoja kabla ya kuja, simu zote mbili zikiwa mezani. Anayehitaji mtu wa kukaa naye kuhesabu, amwone mzee wa ushirika wake faraghani. Hakuna jina litakalotajwa madhabahuni.