Paneli Subiri, Ndege Kwanza

Mdogo wangu, umeniandikia ukitaka nikuchagulie paneli ya sola ya kufunga kwenye glaida yako. Sikuchagulii. Nimeisoma barua yako mara mbili na glaida yenyewe sijaiona popote. Nilichoona ni hela ya paneli inayokuwasha mfukoni.

Tupige hesabu. Jua la saa sita mchana, anga likiwa safi, linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na seli nzuri za silikoni zinashika kama asilimia 22 tu. Tuseme bawa lako lina mita 2 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Ukipanga juu yake seli 12 zenye sentimita 12.5 kila upande, kwenye karatasi utapata wati 40. Angani zinapungua, maana seli ikipata joto hulegea, na ndege ikigeuka jua linaipiga kiubavu. Wewe hesabu 25.

Je, 25 zinatosha? Glaida ya gramu 900 inayoshuka sentimita 60 kwa sekunde mota ikiwa imezimwa inahitaji kama wati 5 ili isishuke. Mota na propela vinapoteza karibu nusu ya umeme, kwa hiyo sema 11. Hapo una akiba. Lakini ukijenga dude la kilo moja na nusu, bawa limepinda, linashuka mita moja na nusu kila sekunde, utahitaji wati 44. Hizo huna, na hakuna duka litakalokuuzia kwenye bawa hilohilo.

Ndiyo maana naanza na ndege. Stairofomu nyeupe, ile ya kufungashia televisheni, inafaa kabisa kujifunzia, ila usiiguse kwa supa gluu, inaitafuna. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Inua ncha za mabawa ziwe juu kidogo kuliko katikati ili ndege ijiweke sawa yenyewe ikiyumba. Uzito usawazike kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kisha irushe kwa mkono kwenye nyasi, asubuhi kabla upepo haujaamka. Seli tupu za ukubwa ule zina kama gramu 7 kila moja, basi bandika vipande vya boksi vyenye uzito huohuo mahali zitakapokaa. Rekebisha mpaka ishuke polepole bila kupiga pua.

Nimesema seli tupu. Paneli ya dukani yenye kioo na fremu ya alumini ni ya bati la nyumba. Seli tupu ni nyembamba kuliko kucha na zinavunjika ukizikunja, kwa hiyo zilaze pale bawa lilipo karibu bapa. Ukiziunga mfululizo, moja ikifunikwa na kivuli inazikaba zote. Kwa seli zilizolala hivyo, sisi wa karibu na ikweta tumebahatika: adhuhuri jua liko karibu utosini, na bawa lililolala linalipokea vizuri.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloangusha ndege za watu. Mota ikidai umeme kuliko jua linavyotoa, volti zinaporomoka ghafla. Kama risiva inayopokea amri za rimoti na servo zinazosogeza usukani zinakula kutoka seli hizohizo, rimoti inakuwa pambo mkononi. Zipe betri yake ndogo, wingu likipita uweze kutua.

Usivunjike moyo kwa udogo wa nguvu. Sunrise, ndege ya kwanza kuruka kwa umeme wa jua, iliruka California tarehe 4 Novemba 1974, haina rubani. Ilikuwa na seli 4,096 kwenye mabawa ya karibu mita 10, na zote pamoja zilitoa kama wati 450. Pasi ya nguo inakula zaidi ya hapo!

Kabla ya kufunga mota, ulizia masharti kwa mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kama uko Tanzania, au KCAA kama uko Kenya, na kaa mbali na viwanja vya ndege na kambi za jeshi. Na siku ya kununua seli, usiagize 12 kamili. Agiza 15, maana mkono unaojifunza kulehemu huvunja.