DARSA LA IJUMAA: JINO LILILONG'OKA NA HUKUMU YA KUPANDIKIZA JINGINE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Katika msikiti wetu huu wa Kirolirwe limeulizwa swali, nalo linarudi mara kwa mara: mtu aliyepoteza meno, je, inafaa kwake kutiwa meno mengine? Wapo wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kubadilisha umbo la Allah. Wapo wengine waliosikia kuwa mjini kuna madaktari wanaopanda jino ndani ya mfupa, likakaa kama la kuzaliwa nalo, wakaogopa udhu wao usije ukaharibika. Tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu anayekataza kilicho halali anakosea kama anayehalalisha kilicho haramu.

1. JINO LINA THAMANI

Katika Suratul Maida, aya ya 45, Allah (S.W.) ametaja jino pamoja na nafsi, jicho, pua na sikio katika hukumu ya kisasi. Na katika barua ambayo Mtume (S.A.W.) alimwandikia Amr bin Hazm, diya ya jino moja ni ngamia watano. Ewe unayefuga ng'ombe katika malisho ya Masisi, unajua mnyama mmoja ana thamani gani. Basi fikiria jino moja kuhesabiwa kwa ngamia watano! Kijana anayempiga mwenzake ngumi ya mdomo kwa ugomvi wa soko, au mume anayempiga mkewe usoni, ajue ameingia katika deni zito mbele ya Allah.

Na wewe uliyepoteza jino kwa ajali ya pikipiki, kwa ugonjwa, au kwa kitako cha bunduki katika miaka ya vita, usijidharau. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alivunjwa jino lake siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Siku ileile Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.) aling'oa kwa meno yake pete za chuma zilizoingia katika shavu la Mtume (S.A.W.), na meno yake ya mbele yakatoka. Wanachuoni wa sira wameliandika hilo kuwa ni sifa yake, hawakuliandika kuwa ni aibu yake.

2. JINO LA KUPANDIKIZA NI KITU GANI?

Njia za kuziba pengo ni tatu. Ya kwanza ni meno ya kuvaa, ambayo mtu huyavua usiku na kuyaosha. Ya pili ni daraja: jino bandia linashikizwa juu ya meno ya jirani baada ya hayo kuchongwa. Ya tatu ndiyo hii ya kupandikiza. Daktari anapasua ufizi, anatoboa mfupa wa taya, anatia skrubu ndogo ya madini ya titani. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita mpaka mfupa uishike skrubu, kisha juu yake linafungwa jino lililotengenezwa.

Siri yake iko katika ile titani. Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mfupa wa sungura, akaona chuma cha titani alichokitia kimeshikana na mfupa hata hakitoki. Mwaka 1965 akamtilia mtu wa kwanza. Subhanallah! Mwanadamu hakuumba mfupa wala hakuumba titani. Yeye amegundua tu kwamba Allah (S.W.) amejaalia viwili hivi vipatane.

Ina faida ambayo meno ya kuvaa hayana. Jino likitoka, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kupungua, na ndiyo maana mashavu ya mzee asiye na meno huingia ndani. Skrubu iliyoshikwa na mfupa husaidia kuzuia huko kupungua.

3. USHAHIDI WA KUFAA KWAKE

Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikamletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie pua ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Tena Imam Tirmidhi ameeleza kwamba zaidi ya mwanachuoni mmoja walikuwa wakifunga meno yao kwa dhahabu, na kwamba hadithi hii ni hoja yao.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Dhahabu ni haramu kwa mwanaume, lakini iliruhusiwa kwa haja ya kiungo kilichopotea. Sasa ikiwa dhahabu iliruhusiwa, titani ambayo asili yake ni halali ina nafasi zaidi ya kuruhusiwa.

Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likajadili upasuaji wa kurekebisha maumbile. Likaamua kwamba inafaa kurudisha kiungo katika umbo lake au kazi yake, na kurekebisha aibu iliyomfika mtu kwa ajali, kuungua au maradhi.

4. MPAKA UKO WAPI?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, shetani ameahidi kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri. Haya yapo katika dini wala hatuyafichi. Lakini laana hiyo imefungamana na uzuri, yaani mtu ana meno mazima, anayachezea ili apendeze au aonekane kijana. Anayerudisha kilichopotea yuko katika matibabu.

Kwa hiyo:

(a) Anayeng'oa jino zima ili atie la dhahabu watu walione, amefanya haramu. Mwanaume amekusanya makosa mawili: kuharibu kiungo na kujipamba kwa dhahabu.

(b) Kuchonga meno yawe makali, kama baadhi ya mababu zetu walivyofanya, ni katika kubadilisha umbile.

(c) Na hili nalisema kwa uchungu: kuwang'oa watoto wachanga "ibyinyo". Mtoto ana homa na kuharisha, ufizi umevimba, jirani anasema ni jino bovu, linachimbwa kwa chuma. Kinachochimbwa pale ni mbegu ya jino la kuzaliwa, na halikuwa na ugonjwa wowote. Mtoto anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa uchafu ulioingia, na akipona pengine hata jino la ukubwani lisiote au liote vibaya. Mama, mtoto wako akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari ya oral, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituo cha afya. Usikubali mkono wa mtu uingie na chuma kinywani mwake. Tunatafuta fatwa ya kurudisha meno ya wazee, na huku tunawanyang'anya meno watoto ambao hawajaonja hata bugali!

5. SUALA LA MFUPA

Wakati mwingine taya limepungua sana, na daktari hutia unga wa mfupa kabla ya skrubu. Unga huo unaweza kuwa wa mgonjwa mwenyewe, wa ng'ombe, wa kutengenezwa kiwandani, na upo pia wa nguruwe. Ni haki yako kuuliza kabla ya kulazwa kwenye kiti. Mwambie daktari: mimi ni Muislamu, nataka usiokuwa wa nguruwe. Vya halali vipo, basi usiende kwenye najisi. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara anasamehewa. Kwa hiyo aliyetiwa bila kujua asiishi katika wasiwasi, wala asende kupasuliwa tena.

6. IBADA YAKE ITAKUWAJE?

UDHU NA JOSHO: Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho. Wapo maimamu waliosema ni wajibu, basi usiache kusukutua. Lakini hulazimiki kufikisha maji kwenye skrubu iliyo ndani ya mfupa, wala kuvua meno ya kuvaa kila unapotawadha. Ukiyavua ukasukutua ili kutoa mabaki ya chakula, ni usafi mzuri.

SAUMU: Baraza hilo la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilieleza kwamba kutoboa jino, kung'oa au kusafisha hakubatilishi saumu, maadamu mtu amejilinda asimeze kinachofika kooni. Hata hivyo kupandikiza kuna damu na dawa za kumeza baadaye. Lisilo la haraka lisubiri Ramadhani ipite.

KISOMO: Herufi za thaa, dhaal na dhaa hutoka kwa ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu ya mbele, na faa hutoka kwa mdomo wa chini na meno hayohayo. Aliyepoteza meno hayo ajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, sala yake ni sahihi. Na katika hadithi ya Bi Aisha (R.A.), kwa Bukhari na Muslim, mwenye kusoma Qur'ani kwa taabu ana ujira mara mbili. Ila anayesalisha watu, ikiwa herufi ya Fatiha imegeuka ikawa herufi nyingine, ampishe anayeitamka sawasawa. Mzee wa namna hii akipata meno, hata ya kuvaa, amepata msaada katika dini yake. Hapo utaona kwamba jambo hili si la urembo peke yake.

MAITI: Meno yanayovulika yavuliwe bila nguvu. Yaliyopandwa yaachwe, kwani kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, kama ilivyopokewa na Abu Dawud.

7. NANI AKUTIBU?

Amepokea Abu Dawud na wengineo kwamba mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara. Anayeng'oa meno sokoni kwa koleo moja, mtu baada ya mtu, bila kulichemsha, anaweza kukupa homa ya ini au virusi vya ukimwi. Jino la kupandikiza lahitaji picha ya taya, vyombo vilivyosafishwa na daktari aliyelisomea. Madaktari hao hupatikana katika miji kama Kigali, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa na mvuta sigara wako katika hatari kubwa zaidi ya jino hilo kukataa. Mwambie daktari ukweli wako wote.

8. MALI NA DENI

Jino moja la kupandikiza hugharimu mamia ya dola, na mara nyingi hupita elfu moja. Aliyepewa na Allah (S.W.) atoe, si israfu akiwa na haja. Lakini mwenye deni la watu alipe deni kwanza. Mwenye watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa malipo aanze na watoto. Na usiende kuchukua pesa za "banki Lambert", ukakopa mia ukarudisha mia na nusu. Hiyo ni riba, na Suratul Baqara, aya ya 279, imetangaza vita vya Allah na Mtume wake kwa asiyeiacha. Pengo kinywani halikupeleki motoni. Meno ya kuvaa bei yake ni nafuu zaidi, nayo yanatafuna na yanasaidia kutamka.

Ewe kijana mwenye baba au mama asiye na meno, jiulize: mara ya mwisho nyama ilipopikwa nyumbani, mzee alikula nini? Kumtafutia meno ya kuvaa ni katika wema kwa wazazi. Na kabla hujapata uwezo huo, mpondee nyama, mlainishie mahindi.

9. KULINDA KILICHOBAKI

Mtume (S.A.W.) alihimiza mswaki hata akaona, lau si kuuonea taabu umma wake, angewaamrisha kila sala. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, wa mti au wa dukani wenye dawa. Punguza sukari kwa watoto.

Na jambo moja la haraka: jino la mtu mzima likichomoka zima kwa kuanguka au kupigwa, usilitupe. Lishike upande wa kutafunia, usiuguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kidogo, lirudishe mahali pake, uma kitambaa safi. Ikishindikana, litie katika maziwa, nayo Masisi hatujakosa maziwa, ukimbie kwa daktari wa meno. Likirudishwa ndani ya saa moja, lina matumaini makubwa ya kupona. Jino la utoto lisirudishwe.

MUHTASARI: Kupandikiza jino kwa aliyelipoteza kunafaa, kwa daktari mjuzi, kwa vitu vya halali, kwa mali isiyo ya riba. Kuharibu jino zima kwa ajili ya urembo hakufai. Na kuwang'oa watoto wachanga ni dhuluma, kila mmoja wetu aizuie nyumbani kwake na kwa jirani yake kuanzia leo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe afya katika vinywa vyetu na ukweli katika ndimi zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu wazee wetu, na ailetee Masisi na Kongo yote amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma mpe jirani, na asiyejua kusoma msomee.)