Usingizi kwenye lami ya Kibondo

Swali: Naendesha lori. Usingizi ukinijia kati ya Kasulu na Nyakanazi, hufungua dirisha na kupandisha redio. Inatosha? – Msomaji, Murungu

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Upepo na redio hukuchangamsha dakika chache tu. Ubongo uliokosa usingizi hujizima sekunde kadhaa hata macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 ni mita 67 hivi ambazo lori halina dereva, na pembezoni wapo watoto na baiskeli. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kuwa aliyekesha saa 17 huyumba kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu.

Utasema lami imerahisisha kazi. Kumbe ndiyo inayolaza: mashimo ya zamani hayakuipa mikono nafasi ya kutulia. Utasema pia tajiri anahimiza mzigo. Lakini mzigo uliopinduka haufiki kabisa. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20. Na kwa safari ndefu, mdai tajiri dereva wa pili.