SOMO LA KEMIA: FOMULA NA MAJINA YA KAMPAUNDI ZA IONI



Katika ukurasa wetu wa masomo ya shule, safari hii tumeonelea tuzungumzie kemia. Wengi wenu mnaosoma sekondari hapa Nachingwea, pamoja na wenzenu wa Ruangwa, mnailalamikia sana mada ya fomula. Sababu tunaijua: mnazikariri. Ikija fomula msiyoikariri, mnakwama. Basi shikeni jambo moja: fomula hupatikana kwa hesabu, nayo ni hesabu ya mizani. Jumla ya chaji chanya lazima ilingane na jumla ya chaji hasi.

1. TUANZE NA VITU TUNAVYOVIJUA

Madini ya kinywe yaliyomo ardhini Ruangwa ni kaboni, alama yake C. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga alama yake ni S. Hizi ni elementi, hazina cha kusawazisha. Lakini chumvi ya kupikia, chokaa, mrututu na mbolea ya SA ni kampaundi za ioni.

Ioni ni atomu, au kundi la atomu, lenye chaji. Metali hupoteza elektroni ikabaki na chaji chanya. Isiyo metali hupokea elektroni ikawa na chaji hasi. Hizi ndizo za kujua kwa moyo, na ni hizi tu:

Chanya moja: Na⁺ (sodiamu), K⁺ (potasiamu), NH₄⁺ (amoniamu).
Chanya mbili: Mg²⁺ (magnesiamu), Ca²⁺ (kalsiamu), Zn²⁺ (zinki), Cu²⁺ (shaba), Fe²⁺ (chuma).
Chanya tatu: Al³⁺ (alumini), Fe³⁺ (chuma).
Hasi moja: Cl⁻ (kloridi), OH⁻ (haidroksidi), NO₃⁻ (naitreti).
Hasi mbili: O²⁻ (oksidi), S²⁻ (salfidi), SO₄²⁻ (salfeti), CO₃²⁻ (kaboneti).
Hasi tatu: PO₄³⁻ (fosfeti).

Msishangae sodiamu kuandikwa Na na potasiamu kuandikwa K. Na ni kifupi cha natrium. K ni kifupi cha kalium, jina lenye asili ya neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea.

2. HATUA ZA KUANDIKA FOMULA

(a) Andika ioni chanya kwanza, kisha hasi.
(b) Tazama chaji ya kila moja.
(c) Peleka namba ya chaji ya huyu chini ya mwenzake, bila alama ya kujumlisha wala kutoa. Namba moja haiandikwi.
(d) Kama namba mbili zinagawanyika kwa namba moja, zipunguze.
(e) Kundi la atomu likihitajika zaidi ya mara moja, litie kwenye mabano.

Mfano wa kwanza: alumini na oksijeni. Al³⁺ na O²⁻. Tatu inakwenda kwa oksijeni, mbili inakwenda kwa alumini: Al₂O₃. Pimeni mizani: alumini 2 × 3 = 6, oksijeni 3 × 2 = 6. Imelingana.

Mfano wa pili: chokaa. Mawe ya chokaa ni CaCO₃, yaani Ca²⁺ na CO₃²⁻, mbili kwa mbili, zimepunguzwa kuwa moja kwa moja. Yakichomwa tanuruni hutoa kabonidioksidi na kubaki CaO. Ikitiwa maji huwa chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂. Hapa mabano ni ya lazima. Ukiandika CaOH₂ umesema oksijeni moja na hidrojeni mbili, wakati zinatakiwa mbili na mbili.

Mfano wa tatu: mbolea ya SA. Herufi hizo ni kifupi cha salfeti ya amonia. NH₄⁺ zinahitajika mbili kuilingana SO₄²⁻ moja. Basi ni (NH₄)₂SO₄.

3. KUTAJA MAJINA

Wanafunzi wa nahau mna bahati hapa. Fomula huanza na metali: NaCl. Lakini kwa Kiswahili tunasema kloridi ya sodiamu, kama tusemavyo kitabu cha Ali. Ni idhafa: mudhafu kloridi, mudhafu ilayhi sodiamu. Vitabu vya kemia vya Kiarabu navyo husema hivyo hivyo, kulurid as-sudyum. Kwa Kiingereza, lugha ya mtihani wenu, metali hutangulia kama ilivyo kwenye fomula. Msichanganye mipangilio hiyo.

Metali yenye chaji zaidi ya moja hutajwa na namba ya Kirumi. FeCl₂ ni kloridi ya chuma (II), FeCl₃ ni kloridi ya chuma (III). Namba hiyo ni chaji ya chuma, si idadi ya atomu zake. Katika Fe₂O₃ chuma ni atomu mbili, lakini jina ni oksidi ya chuma (III), kwa sababu oksijeni tatu zina chaji hasi sita, na kila chuma hubeba tatu. Vidonge vingi vya kuongeza damu vina FeSO₄, salfeti ya chuma (II).

4. MWISHO WA JINA SI PAMBO

Jina likiishia na -idi, mara nyingi ni elementi moja tu: kloridi, salfidi. Haidroksidi ni ya pekee. Likiishia na -eti, oksijeni imo ndani: salfeti, naitreti, kloreti.

Tazameni tofauti hii. NaCl, kloridi ya sodiamu, tunaitia kwenye mboga. NaClO₃, kloreti ya sodiamu, imetumika kuua magugu, nayo ni sumu kwa mtu. Mrututu nao, CuSO₄, salfeti ya shaba (II), una rangi nzuri ya buluu lakini ni sumu ukimezwa. Katika nyumba zetu za wakulima dawa za shamba na vitu vya jikoni huweza kukaa chumba kimoja, na mara nyingi anayejua kusoma kibandiko ni mtoto aliye shule. Basi asomaye na asome hadi herufi ya mwisho.

5. ZOEZI

Andika fomula: (1) kloridi ya magnesiamu (2) fosfeti ya kalsiamu (3) salfeti ya alumini (4) naitreti ya zinki.
Taja majina: (5) K₂CO₃ (6) Fe(OH)₃ (7) CuO.
(8) Shabu ya kusafishia maji, ukiacha maji yaliyomo ndani yake, ni KAl(SO₄)₂. Onyesha kuwa mizani imelingana.

Majibu: (1) MgCl₂ (2) Ca₃(PO₄)₂ (3) Al₂(SO₄)₃ (4) Zn(NO₃)₂ (5) kaboneti ya potasiamu (6) haidroksidi ya chuma (III) (7) oksidi ya shaba (II) (8) chanya 1 + 3 = 4; hasi 2 × 2 = 4.

Aliyekosa arudi kwenye mizani, asirudi kwenye kukariri.